Mkutano wa wapenzi wa zilipendwa Mwanza: tukae wapi, na tuanze na nini?

Msikilizaji wa Igoma

Ndugu zangu, habari za siku. Kwa miaka minne sisi wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani tumebishana mtandaoni kuhusu nani alipiga solo katika kibao gani, na wengi wetu hatujawahi kuonana. Sasa tumekubaliana kukutana Mwanza Jumamosi ya pili baada ya Nane Nane, na maandalizi yameniangukia mimi, pengine kwa kuwa nilikuwa mwepesi mno wa kuitikia. Watu 34 wamesema watakuja, wakiwemo watano kutoka Kisumu na wachache kutoka Bukoba.

Niliwaza kuwavusha wote asubuhi hadi Kisiwa cha Saanane, tufungue spika chini ya miti na tule samaki huko huko, kisha jioni turudi mjini kulitazama Jiwe la Bismarck jua likizama, na kesho yake twende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mke wangu aliisoma ratiba hiyo mara moja tu akaniuliza, "Sasa hao watu watazungumza saa ngapi?" Nilikosa jibu. Naomba ushauri wa waliowahi kukusanya watu wanaojuana kwa maandishi tu: siku ya kwanza ipangwe vipi, na michango ikusanywe kwa utaratibu gani?

Binti wa Pasiansi

Kaka, mkeo ameona mbali. Kwanza, Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na ndani ya hifadhi huwezi kufungulia spika pimbi na swala wakakuvumilia, wala askari wa hifadhi hawatakuvumilia. Kisiwa ni kizuri, tena kiko karibu sana na mji, lakini ni mahali pa kutembea juu ya miamba kwa utulivu, si mahali pa kusikiliza sebene. Wenye hamu ya kukiona waende Jumapili kwa hiari yao.

Jumamosi tafuta bustani yenye kivuli upande wa Capri Point, yenye paa la kukimbilia na vyoo vya kutosha, nanyi mkae hapo hapo tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Usiwapeleke huku na huku. Watu wanaoonana kwa mara ya kwanza huchukua muda kuzoeana, na kila mkiwapandisha gari mnaanza upya. Samaki agiza siku moja kabla na utaje idadi, kwa sababu sato wa watu thelathini na kitu hawachomwi kwa nusu saa, na nimeshaona shughuli nzuri ikiharibika kwa njaa tu. Watakaokuja na watoto waambiwe mapema kwamba ufukweni si pa kuogelea. Kichocho kipo ziwani, na mgeni akiona maji yametulia hudhani ni salama.

Mwenye Santuri, Kisumu

Nawasalimu nyote. Ningependa kuongeza jambo moja linalohusu kiini cha mkutano wenyewe. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa hewani, ilhali santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa nchi zetu ukafungwa mwaka 1977 hadi mwaka 1983. Ndiyo sababu mimi wa Kisumu ninazo santuri ambazo baadhi yenu mlizisikia redioni tu, nanyi mna kumbukumbu za bendi na kumbi ambazo mimi sikuzishuhudia. Sioni faida ya kusafiri siku nzima kupitia Sirari ili tukae meza tofauti, Wakenya huku na Watanzania kule, tukisikiliza simu zetu.

Ninapendekeza kwamba saa za mchana tuzitumie kusikiliza pamoja. Wengi mnakumbuka kuwa kibao kirefu katika santuri ndogo ya mizunguko 45 kiligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma. Basi upande wa kwanza ukiisha, tusiharakishe kuigeuza. Aliyeuona wimbo huo ukipigwa jukwaani, au aliyeusikia nyumbani kwao utotoni, aseme neno, ndipo tugeuze. Nimewahi kufanya hivyo na wazee wawili, tukamaliza santuri nne kwa alasiri nzima bila kuchoka.

Nitakuja na santuri ishirini. Ninachoomba ni meza isiyotikisika, waya wa umeme unaofika, na kivuli cha uhakika, kwa maana santuri ikipigwa na jua hujikunja kama chapati, na ikijikunja ndiyo basi tena.

Mweka Hazina Mstaafu

Mwangaluka. Mimi nitasema kuhusu fedha, kwa kuwa naona kila mtu anaikwepa. Mwaka mmoja nilisimamia mkutano wa watu arobaini walioahidi, nikatoa kishika uchumba cha ukumbi kutoka mfukoni mwangu nikiamini ahadi zao. Walifika kumi na tisa, mwenye ukumbi akagoma kurudisha hata senti, na deni likabaki kwangu na lawama pia, kwamba eti chakula kilikuwa kingi mno.

Kwa hiyo usihesabu ahadi, hesabu malipo. Weka siku ya mwisho wiki tatu kabla, na atakayekuwa hajalipa siku hiyo asihesabiwe katika chakula, hata awe nani. Michango isiingie katika simu yako pekee. Awepo mtu wa pili anayeona kila kinachoingia, na kila Jumapili orodha ya waliolipa iwekwe mbele ya wote pamoja na makato ya kutolea fedha, kwa sababu makato hayo ndiyo huzaa maneno. Walioko Kenya walipe wakifika, lakini mmoja wao awadhamini wenzake. Mwenye eneo akupe makubaliano ya maandishi yanayosema mnaruhusiwa muziki hadi saa ngapi na jenereta ni juu ya nani umeme ukikatika.

Mdau wa Kashai

Sisi wa Bukoba tumegawanyika: wawili watapanda meli ya usiku kwa sababu ya mapenzi tu, na wengine watakuja kwa basi, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 habari ya kusubiri kivuko imekwisha. Tafadhali mtuelekeze kutoka Nyegezi, na wa Kisumu waelekezwe kutoka Nyamhongolo. Mgeni hajui kwamba stendi ni mbili na ziko pande tofauti za mji. Vilevile, kila mtu avae kadi yenye jina analotumia mtandaoni. Nikiambiwa jina lake la cheti, nitajuaje kwamba ndiye niliyebishana naye mwezi mzima kuhusu Mbaraka Mwinshehe?

Msikilizaji wa Igoma

Nawashukuru. Saanane imeondoka Jumamosi, na Jiwe la Bismarck kila mtu atalitazama kwa wakati wake. Tutakaa mahali pamoja, mchana tutasikiliza kwa utaratibu wa Kisumu, na kadi nitaziandika mwenyewe. Bujora nimeibakiza Jumapili asubuhi kwa wanaotaka kuziona ngoma za watemi wa Kisukuma, na kwa wenzetu wa Kisumu iko njiani kurudi, pale Kisesa.

Mke wangu amekubali kuwa mtu wa pili wa kuona fedha, kwa sharti kwamba nami nilipe mchango wangu kwanza kama wengine. Nimelipa leo asubuhi. Wamebaki 33.