Mrejesho: Halo 5 niliyouliza kama ninunue

Wakuu, niliuliza kama ninunue Halo 5 ya mtumba, ule mchezo wa video wa kupigana risasi wa Xbox, nicheze na mdogo wangu hapa Area C, na wengi mkasema azima kwanza. Nimeiazima kwa jamaa wa Majengo, nimeimaliza, na hela yangu bado iko mfukoni.

Mliosema haigawi skrini mko sahihi. Matoleo makuu yaliyotangulia, watu wawili mnakaa na padi zenu mbele ya TV moja. Hii ya 2015 wakaliondoa hilo ili picha zikimbie fremu 60 kwa sekunde. Kweli zinateleza, sikatai. Lakini dogo alikaa pembeni akinitazama hadi akaenda zake kununua chipsi.

Hadithi ndiyo iliyonichosha zaidi. Matangazo yalinadi askari Locke akimsaka Master Chief, shujaa mkuu wa Halo, nikajiandaa kwa mtanange. Wanarushiana ngumi mara moja, basi! Kati ya misheni 15, Master Chief unamchezea katika 3 tu. Halafu yule adui Warden Eternal: unamuua, anarudi, unamuua tena, mbele wanakuja watatu kwa mpigo. Ukifika mwisho, hadithi yenyewe haijaisha.

Upande wa mtandaoni ni mzuri, ila bando langu haliziwezi hizo raha.

Jamaa ana Master Chief Collection pia, mkusanyiko wa Halo za zamani, kwa hiyo tumehamia Halo 3 ya 2007, skrini nusu kwa nusu. Dogo ananirushia mabomu makusudi.