Hati ya madai ilirekebishwa, Mahakama Kuu imetengua ushindi wetu. Naombeni ushauri

KijanaWaKibosho: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nisaidieni kabla siku hazijaniishia.

Baba mdogo aliuza nusu ya kihamba (shamba la ukoo lenye makazi) cha marehemu baba. Mnunuzi akaingia Machi 2015, akang'oa masale (mimea ya kuonyesha mpaka) ya mpakani, akafyeka migomba mpaka jirani na kaburi. Mama, msimamizi wa mirathi, akafungua madai Baraza la Ardhi na Nyumba dhidi ya baba mdogo. Baadaye wakili akarekebisha hati ili kumwingiza mnunuzi, ila ile aya ya mipaka, kutoka sale la juu hadi mfereji, ikaachwa. Hatukugundua. Tukashinda.

Mnunuzi kakata rufaa. Jaji anasema Baraza liliamua kwa maelezo ya hati ya kwanza, ambayo haipo tena. Leo siku ya 19 tangu hukumu. Mama halali usingizi. Twende Mahakama ya Rufani au tuanze upya?

Masjala_Moshi: Pole mkuu. Jaji hajakosea kwenye kanuni: hati ikisharekebishwa, ile ya zamani haitegemewi tena, hata kama imo kwenye jalada. Na shauri la ardhi lazima hati iitambulishe ardhi yenyewe.

Soma ukurasa wa mwisho wa hukumu. Kama mwenendo (yaani kesi yote ilivyoendeshwa Barazani) umefutwa na mnaruhusiwa kufungua upya, hiyo ndiyo njia fupi. Lakini muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na mnunuzi kaingia 2015, kwa hiyo piga hesabu leo hii. Kama madai yametupwa kabisa, mlango uliobaki ni rufaa. Notisi ya kusudio la kukata rufaa iingie ndani ya siku 30 tangu hukumu, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi.

MamaDoreen: Mwanangu, mpe mama pole. Sisi tuliomba nakala za hukumu na mwenendo kwa barua, ndani ya zile siku 30, lakini wapinzani hatukuwapa nakala ya barua. Siku za kusubiri nakala hazikuondolewa kwenye hesabu, rufaa ikaonekana imechelewa. Wapelekee, wasaini kupokea, uitunze hiyo saini.

KijanaWaKibosho: Asanteni sana. Nimesoma: "mwenendo unafutwa, mwenye nia afungue upya." Kesho asubuhi naenda kwa wakili mwingine na hati zote mbili.

Masjala_Moshi: Nenda na picha za masale yaliyobaki pia.