Tupeane uzoefu: kuunda vitu vya karatasi na uji wa unga na watoto, kusi hili

MamaTudor: Shule zimetuma tena ile orodha yao, kila mtoto alete kitu kilichoundwa kwa takataka za nyumbani. Kila mwaka ni vibubu vilivyobonyea na samaki walioota kuvu. Wenye kujua semeni: unga gani, karatasi gani, na vitu vinakaukaje na unyevu huu?

MkonoWaKaratasi: Uji: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 5 vya maji. Kikombe kimoja cha maji baridi koroga na unga mpaka madonge yaishe. Vinne vilivyobaki vichemshe, kisha mimina ule mchanganyiko huku mwiko hausimami. Ukianza kung'aa na kutoa mapovu mazito, epua, upoe kabisa kabla mtoto hajatia mkono. Unga wa mahindi uache, chenga zake hazishiki. Gazeti chana kwa mkono, upana wa vidole viwili. Ukingo uliochanika una nyuzi, unalala juu ya mwenzake. Wa makasi unaacha ngazi ambayo rangi haifichi. Na chana kutoka juu ya ukurasa kwenda chini, linafuata njia. Ukichana kwa upana linakwenda mshazari.

BarazaMjiWaKale: Hapo kwa makasi umenena.

LikoniFeri: Kupika kwa nini? Unga na maji sawa kwa sawa, koroga, bandika. Mtoto hangoji sufuria.

MkonoWaKaratasi: Unga mbichi una vijidudu na mtoto wa miaka 3 atalamba vidole tu. Halafu ule mbichi ukikauka unaacha magamba meupe.

LikoniFeri: Haya, bwana mpishi.

MwalimuWaVidudu: Tieni chumvi vijiko 2 vya chakula, hakioti kuvu.

ChangamweJuu: Mwalimu, samahani, hiyo ni ya watu wa nchi kavu. Chumvi hunywa maji ya hewani, na unyevu ukipita asilimia 75 au hivi huanza kuyeyuka yenyewe. Tazama kikopo cha chumvi jikoni mwako mwezi wa Mei. Kibubu chenye chumvi nyingi hapa Mombasa kinatoka jasho chini ya rangi. Tumia mafuta ya karafuu, matone machache kwenye uji uliopoa. Atie mtu mzima, maana yenyewe bila kuchanganywa yanachoma ngozi.

MwalimuWaVidudu: Kijiko 1 hakidhuru.

ChangamweJuu: Kaskazi, sawa. Kusi, hapana.

BamburiPwani: Mnagombania chumvi na balaa lenyewe ni puto la kuundia kibubu. Watu wanalipuliza mpaka linakaribia kulia, wanabandika tabaka nne kwa mkupuo, halafu wanalianika juani saa nne asubuhi ati likauke upesi. Jua linakausha juu, ndani bado uji. Hewa ya ndani inapata moto, puto linavimba, na gamba la juu limeshakakamaa haliwezi kunyooka. Saa saba, paa! Kwa kuwa mpira umegandana na karatasi mbichi, unaporuka unavuta gamba ndani na kibubu kinakunjika. Likinusurika mchana, usiku baridi inalifanya linywee, linaachana na karatasi, na gamba bichi linabonyea lenyewe. Mtoto analia, mama anasema unga ulikuwa mbaya. Unga hauna kosa.

Fanya hivi: puliza robo tatu tu, paka Vaseline. Tabaka mbili, ya kwanza gazeti, ya pili karatasi ya kaki ya mfuko wa unga, ili mtoto aone alipobakisha. Ning'iniza kwa uzi kivulini penye upepo, usiku panka. Ikikauka, mbili tena. Kabla ya kutoboa liweke shavuni: likiwa baridi, maji bado yamo. Likilia kavu ukiligonga kwa kucha, shika fundo, toboa katundu kando yake, hewa itoke polepole. Vipande vya mpira okota vyote, vinakaba watoto.

BarazaMjiWaKale: Shavuni! Nani angewaza.

LikoniFeri: Kumbe ni puto 😂 tumewatukana sana wenye duka la unga.

KisauniMama: Puto la nini na vifuu viko? Kifuu cha nazi kifunike, paka mafuta, bandika kwa nje, vua, unganisha viwili. Usivuke ukingo tu, hakitoki. Mapezi na masikio fanya kwa trei za mayai: chana, loweka maji moto usiku kucha, fikicha, kamua kwenye kifumbu mpaka iwe kama chicha, kisha changanya na uji kidogo kidogo. Unene usizidi nusu sentimita, kati hapakauki.

BarazaMjiWaKale: Kifumbu cha nani? Tui la wali tutakamulia nini?

KisauniMama: Kikuukuu yakhe! Au leso iliyochanika.

MkonoWaKaratasi: Risiti za supamaketi msitie, zina kemikali na hazinywi uji. Magazeti ya kung'aa vilevile. Anayetaka zile pembe kubwa za ndovu za Mapembeni, hapa mjini, afunge chelewa za ufagio ndani ya gazeti lililosokotwa, apinde, afunge uzi kila baada ya vidole vinne. Rangi: nyeupe ya maji ya ukutani kwanza, mara mbili, la sivyo maandishi ya gazeti yanachungulia. Na msipake kabla hakijakauka kabisa. Rangi inafungia maji ndani, wiki mbili baadaye kuvu inatokea kwa chini.

MamaTudor: Ahsanteni. Sasa yangu inatakiwa Ijumaa na leo Jumatano jioni.

LikoniFeri: Nunua.

KisauniMama: Kibubu sahau. Fanya sahani: bakuli la plastiki lipake mafuta, tabaka mbili kwa nje, panka usiku kucha. Alfajiri chomoa lile la plastiki, geuza la karatasi, upande wa ndani upate upepo mchana kutwa. Alhamisi usiku gonga kwa kucha, likilia kavu paka nyeupe, rangi juu yake. Likiwa bado bichi mpeleke nalo hivyohivyo bila rangi, aseme ni kikapu.

MwalimuWaVidudu: Na chumvi kijiko 1.