Kigari cha umeme cha maili 35: Texas inaruhusu, mbona hakisajiliki?

Mkazi_wa_Katy
Wakuu, habari za humu. Natafuta kigari cha umeme cha viti vinne cha kwenda dukani na kupeleka watoto shule, huku pembezoni mwa Houston. Barabara zetu zina vibao vya maili 30 hadi 40 kwa saa. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeagiza kutoka China, anasema chake kinafika maili 35 kwa saa na sheria ya Texas inakubali. Nimesoma kifungu cha 551.301 cha sheria ya usafiri ya jimbo, na kweli 35 imeandikwa. Lakini kaunta ya usajili wanasema mwisho ni 25. Nani yuko sahihi? Na nikinunua cha 25, naweza kukifungulia kifike 35?

Fundi_Kontrola
Mkuu, hapo kuna sheria mbili. Serikali kuu, kupitia NHTSA (idara yake ya usalama wa barabarani), inaamua gari liundweje ndipo liruhusiwe kuuzwa. Jimbo linaamua lipite wapi, lisajiliwe vipi na liwe na bima gani. Texas wameandika 35, lakini kifungu hichohicho kinasema gari lazima litimize kiwango cha serikali kuu namba 500, na kiwango hicho kinahusu magari ya mwendo mdogo tu: magurudumu manne, mwendo wa juu uzidi maili 20 lakini usipite 25 (kilomita 40) kwenye lami tambarare, na uzito pamoja na abiria na mzigo uwe chini ya ratili 3,000, yaani kama kilo 1,360. Kigari kikitoka kiwandani na uwezo wa 35, kwa serikali kuu hicho ni gari la kawaida. Kinadaiwa mifuko ya hewa, majaribio ya kugongwa, kila kitu. Hakuna kiwanda cha vigari hivi kinachomudu gharama hiyo.

Cha 25 kinadaiwa vichache: taa kubwa, indiketa mbele na nyuma, taa za nyuma na za breki, viakisi vyekundu, kioo cha pembeni upande wa dereva na kingine cha upande wa pili au cha ndani, handibreki, kioo cha mbele kinachotimiza kiwango cha serikali kuu cha vioo, mkanda kila kiti, na namba ya chasisi yenye tarakimu 17. Baadaye zikaongezwa kamera ya kurudi nyuma na sauti ya kuwaonya waendao kwa miguu. Milango haidaiwi.

Ukishakuwa nacho, Texas wanakuruhusu barabara zenye kibao cha hadi maili 45, na unaweza kuvuka makutano ya barabara yenye kibao kikubwa zaidi. Majimbo mengi mengine yanaishia 35. Ila mji au kaunti inaweza kufunga barabara fulani kwa sababu za usalama, kwa hiyo angalia na kanuni za mji wako.

Mkazi_wa_Katy
Asante mkuu. Sasa huyu muuzaji ana "cheti cha kimataifa" na anasema forodha ni kazi yake.

Fundi_Kontrola
Cheti hicho hakina kazi hapa. Mwombe picha ya kibandiko cha kiwandani: kiandike kwamba gari linatimiza viwango vya usalama vya Marekani vya siku lilipotengenezwa, na aina ya gari iwe "low-speed vehicle". Kisha chukua ile namba ya tarakimu 17 uiingize kwenye kisomaji cha namba za chasisi cha NHTSA. Isipotoa jina la mtengenezaji na aina ya gari, huenda kiwanda hakijajiandikisha na NHTSA.

Halafu fomu HS-7 ya forodha. Gari lililotimiza viwango hutiwa alama kisanduku 2A. Wauzaji wengi wa bei rahisi hutia alama kisanduku 8, kinachosema gari halikuundwa kwa ajili ya barabara za umma. Bandarini linapita vizuri kabisa. Shida inaanza unapotaka hati ya umiliki na namba, maana umeshatamka kwa serikali kwamba si gari la barabarani. Na kama mwagizaji aliyeandikwa ni wewe, tamko hilo ni lako.

Kuhusu kukifungulia: sheria ya serikali kuu inakataza kiwanda, muuzaji na gereji kuondoa kifaa cha usalama kilichowekwa ili kutimiza kiwango. Mwenye gari hatajwi, na mitandaoni watu wanakishangilia sana kipengele hicho. Lakini gari likishapita 25 limetoka kwenye kundi lililosajiliwa na kukatiwa bima, na mkaguzi wa bima baada ya ajali anaweza kusoma mpangilio wa kontrola, yaani kifaa kinachoongoza mota.

Unaweza hata kulitoa kwenye kundi hilo bila kugusa kontrola. Kontrola inahesabu mizunguko ya mota tu. Ukitoa tairi lenye kipimo cha nje cha inchi 18 ukaweka la 22 kwa kuwa linapendeza, mwendo unapanda kwa asilimia 22: maili 25 inakuwa 30 na kitu. Breki ni zilezile, na mota inavuta amperi nyingi zaidi kwenye mlima hadi kontrola inachemka na kujipunguza.

Mama_Sera
Niongeze upande wa siasa, maana ndiko kizuizi kilipo. Kundi hili la magari ya mwendo mdogo liliundwa Juni 1998, wakati miji ya wastaafu ilishaanza kuruhusu vigari vya gofu barabarani. 25 ulikuwa mwendo wa vigari vya gofu vilivyochangamka kidogo. Majimbo kama Washington na Montana yakaja kuandika sheria za "mwendo wa kati", maili 35, na kampuni ndogo zikaiomba NHTSA iunde kundi hilo. Mwaka 2008 ikakataa: kwa mwendo huo gari linachanganyika na magari makubwa, na kuokoa mafuta si sababu ya kupunguza ulinzi wa abiria. Sheria za majimbo zikabaki maandishi, na ndiyo hiyo 35 uliyoisoma.

Hoja ya NHTSA si ya kubeza. Mwaka 2010 IIHS, taasisi inayofadhiliwa na kampuni za bima, iligonga ubavu wa GEM, kigari cha kundi hili, kwa maili 31 kwa saa na sanamu ya majaribio ikaonyesha majeraha makubwa au ya kuua. Kinachonikera ni kwamba pikipiki inaruhusiwa kwa mwendo wowote bila hata mlango. Ulaya wamefungua njia ya katikati: kundi la L6e, kilomita 45 kwa saa, kilo 425 bila betri. Citroën Ami imo humo, na Ufaransa kijana wa miaka 14 mwenye leseni ya AM (ya vyombo vidogo) anaiendesha. Kwa Marekani, Ami hiyohiyo imepitiliza kwa maili tatu.

Kanada nao ni hadithi nyingine. ZENN, kigari cha umeme cha mwendo mdogo, iliundwa Quebec, lakini kwa muda mrefu wateja wake walikuwa Marekani kwa sababu mikoa mingi ya nyumbani haikuiruhusu barabarani.

Dereva_wa_Tatu
Je, ya magurudumu matatu, kama bajaji ya umeme?

Mama_Sera
Hiyo kwa sheria ya serikali kuu ni pikipiki, kwa hiyo kikomo cha 25 hakiihusu. ZAP Xebra iliuzwa kwa njia hiyo, ikienda kama maili 40. Inadaiwa viwango vya pikipiki vya breki, taa, vioo na matairi, bila jaribio la kugongwa. Leseni na kofia ngumu vinaamuliwa na jimbo. Kwa watoto wa shule nisingeshauri: gurudumu moja likiwa mbele, kona ya ghafla inapindua.

Fundi_Kontrola
Mkuu wa Katy, kabla hujalipa chochote pigia kwanza kampuni yako ya bima na namba ile ya tarakimu 17. Texas wanataka bima ya dhima ya angalau 30/60/25 (dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali), na kampuni nyingine haziandiki kabisa magari ya mwendo mdogo.