Kodi ya shamba: tupangeje iwe ya haki kwa mwenye shamba na kwa mpangaji?

Mlimaji:
Wakuu, naomba mwongozo. Shamba ni hekta 2.4 kwa mujibu wa hati. Mwenyewe halimi, na tunataka kuandikiana miaka minne nilime mahindi na maharage. Anataka fedha taslimu, kiwango kimoja kila mwaka, na miaka miwili ya kwanza ilipwe mbele. Kiwango chenyewe amekipata kwa kuchukua asilimia ya bei ya kuuzia ardhi. Mimi naona kugawana mavuno ni salama zaidi, ila sijui fungu lake liwe kiasi gani. Hatugombani, kila mmoja anataka mwenzake asiumie. Tunaanzia wapi, na vifungu gani watu husahau halafu vinakuja kuwagombanisha?

Mizani:
Bei ya kuuzia wekeni kando kabisa. Ndani ya bei hiyo kuna matumaini ya viwanja, barabara na majengo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongeza gunia. Kodi italipwa na mavuno, basi ianzie kwenye mavuno.

Fanyeni hesabu kwa kilo za mahindi, si kwa fedha. Kila gharama igawanyeni kwa bei ya kilo moja shambani wakati wa kuvuna. Hapo mnaona mara moja nani anabeba nini, na bei ikiyumba hesabu haivurugiki yote.

Chukueni mavuno ya misimu mitano kwa hekta. Tuseme ni kilo 3,400, 2,900, 1,600, 3,600 na 3,500. Wastani ni 3,000. Ule msimu wa 1,600 usifutwe kwa kisingizio kwamba ulikuwa wa ukame, maana ukame nao ni sehemu ya shamba hilo.

Gharama za mfano kwa hekta: kulima 300, mbegu 200, mbolea 500, palizi na dawa 350, kuvuna, kupukuchua na kusafirisha 300, magunia na kuhifadhi 100. Jumla 1,750, inabaki 1,250. Watu wengi hukimbilia kugawana hiyo 1,250, na hapo ndipo mpangaji anapoumia, kwa sababu bado hajajilipa kwa nguvu zake, usimamizi wake na hatari anayoibeba. Tuseme mmekubaliana hayo yote ni 600. Zinabaki kilo 650, na hiyo ndiyo dari ya kodi.

Mwenye shamba naye ana sakafu yake: kodi ya ardhi anayolipa, matengenezo yanayobaki mikononi mwake kama mfereji au uzio, na kile ambacho angepata kama asingekukodisha, kwa mfano malisho. Mazungumzo yenu ni kati ya sakafu na dari. Sakafu ikizidi dari, shamba hilo halikodishiki kwa mahindi hata mkiwa na nia njema kiasi gani. Tafuteni zao jingine.

Sasa angalia kiwango kimoja cha 650 kinavyofanya kazi. Msimu wa 1,600, gharama za kuvuna na magunia zinapungua, jumla inakuwa kama 1,565. Unabaki na kilo 35, na kodi ni 650. Msimu unaofuata utanunua mbolea kwa kitu gani? Ukikosa mbolea, mavuno ya mwaka wa pili yanaanguka hata mvua ikiwa nzuri, na mwenye shamba anaanza kufukuzana na deni.

Kuna njia ya katikati: kodi ya msingi pamoja na nyongeza. Mfano, kilo 400 kila mwaka kwa hali yoyote, na robo ya kila kilo inayozidi 2,200 kwa hekta. Kwa misimu ile mitano mwenye shamba anapata 700, 575, 400, 750 na 725. Wastani ni 630, yaani anaachia kilo 20 tu kwa mwaka ukilinganisha na 650, lakini mwaka mbaya wewe unapumua kwa kilo 250. Kwa maelewano mliyonayo, ningeanzia hapo.

Kilo zikigeuzwa fedha, andikeni bei itatoka wapi: soko gani, siku zipi (wastani wa siku nne za soko baada ya kuvuna unatosha), na bei ya jumla au ya rejareja. Mkiandika tu "bei ya soko", kila mmoja atakuja na soko lake.

Nusu kwa Nusu:
Hesabu ya Mizani nakubaliana nayo. Naongeza kuhusu fungu la kugawana, maana ndilo ulilouliza.

Kanuni ni kwamba fungu la mavuno lifuate fungu la mchango. Kwa namba hizohizo, ardhi inachangia 650 katika 3,000. Ila kuna jambo moja linalopuuzwa mno: pembejeo inayoongeza mavuno, hasa mbolea, ilipiwe kwa uwiano uleule wa kugawana. Chukua mfuko wa mbolea unaogharimu sawa na kilo 200 za mahindi na kuongeza kilo 260. Kwa shamba lote ni faida ya 60. Lakini kama unalipa mfuko peke yako na unachukua asilimia 70 ya mavuno, unapata 182 kwa kutoa 200. Hutauweka, na utakuwa sahihi. Mwenye shamba ataona mahindi ya njano na kudhani umezembea, kumbe mkataba ndio umekufunga mikono.

Mbolea ikichangiwa, fungu la mwenye shamba linatoka asilimia 26: ardhi 650, jumlisha asilimia 26 ya mbolea ambayo ni 130, jumla 780, na 780 ni asilimia 26 ya 3,000. Kama hataki kutoa fedha ya mbolea, fungu lishuke, au mwende na ile kodi ya msingi na nyongeza. Nusu kwa nusu ina haki pale tu mwenye shamba anapoingiza karibu nusu ya kila kitu.

Ugomvi wa kugawana huwa kwenye mizani. Mahindi ya unyevu wa asilimia 20 yenye kilo 3,000, yakikauka hadi asilimia 13 ni takriban kilo 2,760. Hizo 240 ni maji. Andikeni unyevu wa kupimia, mahali pa kupimia, na kwamba hakuna gunia linalotoka shambani kabla pande zote mbili hazijapima au kutuma mtu. Mahindi mabichi nayo yaandikiwe. Mistari iliyochumwa mabichi ihesabiwe, kila mstari upewe wastani wa mistari iliyobaki. Maharage yanatangulia kukomaa, yapimwe na kugawanywa siku yake yasisubiri mahindi.

Udongo Hai:
Mnaongea kilo tu, na shamba lenyewe je? Mkataba wa miaka minne bila kifungu cha udongo humpa mpangaji kila sababu ya kulikamua mwaka wa mwisho.

Pimeni udongo mwanzoni na mwishoni, maabara ileile na majira yaleyale ya mwaka. Chukueni udongo kidogo sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, mchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati huchafua kipimo cha zinki), kisha mtoe nusu kilo. Ruka kingo za njia, chini ya miti na palipowahi kurundikwa samadi. Shamba likiwa na kipande cha bondeni na cha mteremko, kila kipande na sampuli yake.

Mabua yaandikiwe. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mmea wa mahindi iko kwenye mabua na majani, si kwenye punje. Mwenye shamba akiingiza ng'ombe baada ya mavuno, au mpangaji akiyauza kama malisho, shamba linapoteza kuliko inavyoonekana kwa macho. Semeni nani ana haki nayo, na kiasi gani kibaki kufunika ardhi.

Kazi ambayo matunda yake yanazidi muda wa mkataba ilipwe fidia. Njia rahisi ni kugawanya gharama kwa miaka ya manufaa mliyokubaliana. Mfano: chokaa ya kilimo yenye gharama ya kilo 800 za mahindi, mmekubali idumu miaka minne, umeiweka mwanzoni mwa mwaka wa pili. Ukiondoka mwisho wa mwaka wa nne umeitumia mitatu, unarudishiwa 200. Makinga maji vilevile, ila muda wake uwe mrefu zaidi. Sharti moja: mwenye shamba akubali kwa maandishi kabla kazi haijaanza, asije akatozwa kwa kitu ambacho hakukiomba.

Na msimu wa mwisho piga marufuku viuagugu vinavyokaa muda mrefu ardhini. Atrazini iliyowekwa kwenye mahindi inaweza kuunguza maharage ya anayefuata.

Mlimaji:
Asanteni sana, fungu la mbolea sikuwa nimeliona kabisa. Yeye amekubali wazo la msingi na nyongeza. Imebaki malipo ya mbele na ukubwa wa shamba, maana kuna mwamba na sehemu inayotuama maji.

Saini Kwanza:
Ukubwa kwanza. Kodi ihesabiwe kwa eneo linalolimika. Kama linalolimika ni hekta 2.0 na unalipia 2.4, umeongezewa asilimia 20 kimyakimya. Pimeni kwa futi ya kamba mkiwa wote wawili. Simu hukosea mita kadhaa, na kwenye kipande cha mita 50 kwa 80, kosa la mita 4 upande wa upana ni asilimia 8 ya eneo. Chora ramani ya mkono, onyesha mwamba, sehemu ya maji, miti na njia, wote mtie saini.

Malipo ya mbele: kulipa miaka miwili ni sawa na kumkopesha mwenye shamba, kwa hiyo lazima kuwe na punguzo linalokaribia riba ambayo wewe ungetozwa ukikopa. Na kwa mpango wenu, sehemu ya kulipa mbele ni ile kodi ya msingi tu. Nyongeza haijulikani hadi muvune. Kilicho chepesi zaidi ni nusu ya msingi kabla ya kulima, nusu nyingine pamoja na nyongeza baada ya mavuno. Ukilipa mbele, andika kwamba shamba likichukuliwa kabla ya muda unarudishiwa miezi isiyotumika pamoja na thamani ya mazao yaliyo ardhini.

Kabla ya saini uliza kama shamba lina wamiliki wengine, mwenzi wa ndoa mwenye haki, warithi ambao hawajagawana, au limewekwa rehani. Aliyeachwa nje ya karatasi ndiye anayekuja kulisimamisha jembe msimu wa pili. Andika pia kwamba shamba likiuzwa au mwenyewe akifariki, mkataba unaendelea na anayelipokea. Ulizia kwenye ofisi ya ardhi kama mkataba wa miaka minne unahitaji kusajiliwa, maana sehemu nyingi mikataba inayozidi muda fulani haina nguvu dhidi ya mnunuzi bila usajili.

Notisi ya kutoendelea itolewe angalau miezi mitatu kabla ya kuandaa shamba. Siku ya kumalizika iwe baada ya mavuno kwa wiki kadhaa, si tarehe ya kukisia kwenye kalenda, na kiwepo kifungu cha kuvuna kilichochelewa kukomaa. Miti ya kudumu usipande bila ruhusa ya maandishi, kwa sababu mahali pengi mti huleta dai juu ya ardhi yenyewe.