Tupeane uzoefu: gari yako ya kwanza ya mkononi ilikuliza wapi?

Mgeni wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za "nina milioni kumi, nichukue gari gani" zipo tele humu. Huu si wa hivyo. Hapa nawaita tuliokwisha kununua, tukalia, tukafuta machozi. Usituambie gari ni nzuri au mbaya. Tuambie ilikuliza wapi, na siku ile ikirudi ungekagua nini. Natafuta gari ya pili, na kulia nitalia tu, ila si kwa kosa lilelile.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2019 nilichukua Vitz namba D kwa milioni saba na nusu. Dalali akaniambia ni ya dada mmoja wa ofisini, "kazini na kurudi, vumbi haijui". Nimefika saa tano asubuhi, nakuta gari iko chini ya mwembe inanguruma tayari, AC imeshapoa, imeoshwa mpaka injini. Mimi nikaona nimeheshimiwa! Tukazunguka kidogo, iko laini kama maziwa. Nikalipa.

Wiki ya pili niko foleni ya Ubungo, jua la saa nane. Kikawaka kitaa chekundu. Ile Vitz haina mshale wa joto, ina vitaa viwili tu: cha bluu injini ikiwa baridi, chekundu ikichemka. Mimi nikadhani ni mkanda, nikavuta mkanda, nikaendelea. Nilisimama pale moshi mweupe ulipoanza kutoka kwenye boneti na konda wa daladala akawa ananipigia kelele, "Bosi, unapika nini?"

Fundi alipofungua: thermostati haipo, ilishatolewa zamani. Maji ya rejeta yana kutu, rangi ya chai ya mkandaa. Silinda hedi imepinda. Laki tisa, na siku kumi na moja za kugombania daladala.

Haya, nani anafuata?

Mzee wa Spana

Mgeni, pole. Mimi fundi, Temeke, miaka ishirini na kitu. Gari yako ilikwambia kila kitu pale chini ya mwembe, wewe ndiye hukusikiliza.

Kwanza, ukikuta gari ya kuuzwa imeshawashwa, zima, aga kwa adabu, rudi kesho. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, huyo hataki uisikie ikiamka. Injini ikiwa baridi ndipo cheni iliyolegea inapiga kelele sekunde chache za mwanzo. Ndipo moshi wa bluu unapotoka kwa sababu oili ilishuka usiku kupitia sili za valvu. Gari ikishapata moto nusu ya hayo yanajificha.

Pili, kuosha injini. Mtanzania gani anaosha injini kwa mapenzi? Anaondoa alama za oili inayovuja. Mimi napenda injini yenye vumbi kavu, naona pote palipo na unyevu.

Tatu, hiyo thermostati. Huu ni ugonjwa wa mafundi wenzangu. Gari ikichemka wanaitoa, wanasema "hii ni ya nchi za baridi". Si kweli. Thermostati ni mlango wa maji yanayopoza injini. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto haraka. Kwenye Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Unaona gari inakunywa, unalaumu plagi. Kubwa zaidi, kama rejeta imeziba au gasketi ya hedi (kiziba kati ya hedi na bloku) imeanza kuvuja, ukizunguka na mteja dakika kumi haitachemka. Inasubiri foleni yako ya Ubungo.

Na maji ya bomba muache. Kulanti kazi yake si kuchelewa kuchemka tu, inazuia na kutu. Hiyo chai yako ya mkandaa ni chuma cha injini yako kinaliwa.

Kijana wa Boda

Mzee, sasa asiye fundi atajuaje gasketi inavuja?

Mzee wa Spana

Gari ikiwa BARIDI, narudia baridi, usije ukaungua uso, fungua mfuniko wa rejeta. Tazama maji: yana utelezi wa oili juu? Washa. Mapovu machache mwanzoni si neno, hewa inatoka. Mapovu yasiyokoma, tena yanaongezeka ukikanyaga mafuta, hapo moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kisha chungulia mfuniko wa oili kwa chini. Ukiona kitu kama maziwa ya mgando, vuta na kijiti cha oili. Kijiti nacho kikiwa hivyo, ondoka. Mfuniko peke yake usiuhukumu haraka. Nimewahi kuona gari za Njombe na Mafinga zina ukungu huo kwa baridi tu na safari fupifupi, injini nzima.

Binti Kigamboni

Yangu haikuwa na ugonjwa wowote wa injini. Ilikuwa na ugonjwa wa makaratasi.

IST, safi, fundi wangu mwenyewe aliipitisha. Muuzaji kaka mpole, ananiita "dada angu" kila sentensi. Kadi ya gari akanionyesha kopi, akasema halisi iko kwa mama yake Morogoro, ataileta Jumatatu. Tukaandikishana mkataba kwa mwanasheria, nikampa robo tatu. Jumatatu hakuna. Jumatatu ya pili simu haipatikani. Mwezi wa pili wakaja vijana wawili getini kwangu, wastaarabu kabisa, wana barua: gari ni dhamana ya mkopo, kadi iko kwa mkopeshaji, rejesho halijalipwa miezi minne.

Nilimpata yule kaka baada ya kuzunguka polisi mpaka viatu vikaisha. Tulimalizana mimi kulipa deni lake ili nipate kadi. Yaani nimenunua IST kwa bei ya Rav4.

Wanawake wenzangu, na wanaume pia msijidanganye: kopi si kadi. Kadi halisi mkononi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela, namba ya chasisi uisome mwenyewe kwenye bati la gari, herufi kwa herufi, usisomewe. Angalia na madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, unaona kwenye simu hapohapo. Na siku ya kulipa ndiyo siku ya kuanza kubadilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato), msiseme "tutafanya tukitulia". Hakuna kutulia.

Chui wa Lami

"IST kwa bei ya Rav4" 😂😂 samahani dada, nimecheka kwa uchungu.

Pwani Moja

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu gari za kuingia nchini haziruhusiwi kuzidi miaka minane, kwa hivyo mtu anayetaka ya bei ya chini hununua ambayo ishatumika hapahapa. Yaliyonikuta mimi: nilipata Probox, nikaambiwa nije na makanika. Sina. Broka akasema, "Usijali, hapo kando yuko mmoja, ni mtu wa Mungu." Yule mtu wa Mungu akalala chini ya gari, akatoka na uso mzito, akasema kasoro ni bushi tu. Nikafurahi, maana alinionyesha kasoro, basi ni mkweli!

Kumbe bushi ni chambo. Chasisi ilikuwa imeungwa kwa welding mbele, gari lishagongwa likanyooshwa. Tairi za mbele zilikuwa zinaisha upande mmoja kila miezi mitatu, ndipo mwenye kupima alainimenti akanifichulia. Makanika wa broka ni broka.

Mpemba Asiye na Haraka

Pwani Moja umesema kweli. Nami niongeze la maji. Sisi visiwani chumvi ya bahari inakula gari kutoka chini, kwa hiyo jicho letu huanzia chini. Nilikuja Dar kutafuta Noah. Nikaikuta moja, rangi inang'aa, viti vina kava mpya, ndani inanukia manukato mpaka kichwa kinauma. Nikajiuliza, manukato yote haya yanafukuza nini?

Nikauvuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho wake kabisa. Kwenye ule mwisho, ambao haujawahi kuona mtu, kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama umepigwa rula. Nikanyanyua zulia la buti, kwenye shimo la spea tairi kuna mchanga laini wa mto. Gari ilikunywa mafuriko. Injini yaweza kupona, lakini nyaya zile zitaoza moja moja, leo dirisha, kesho kufuli, keshokutwa gari haiwaki na fundi hajui pa kuanzia. Nikamrudishia ufunguo, nikamwambia, "Gari yako nzuri, ila mimi sina leseni ya jahazi."

Kaka Hesabu

Mimi nilisema mkononi naogopa, naagiza Japani. Nikasoma karatasi ya mnada kama msahafu. Gredi 4, kilomita 86,000. Alama ya A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W pamenyooshwa na kupakwa, XX bati limebadilishwa. Ukiona gredi R au RA, gari imewahi kugongwa ikatengenezwa. Hiyo karatasi ni rafiki kuliko picha thelathini za mtandaoni, idai kabla ya kulipa. Muuzaji akikwepa, umeshapata jibu.

Gari ilifika kama ilivyoandikwa. Nililizwa na hesabu. Nilipiga kodi kwa bei niliyonunulia. TRA hawapigi kwa risiti yako, wana kikokotoo chao cha thamani, kipo wazi kwenye tovuti yao, ni mimi sikukitazama. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, gari ikishavuka miaka minane kuna ushuru wa uchakavu, ikivuka kumi unazidi. Yangu ilivuka kumi kwa miezi mitatu! Wakati nahangaika kutafuta tofauti, gari inakaa bandarini na tozo ya kutunzia inahesabika kila siku. Anza na kikokotoo, ndipo uende kwenye picha.

Subira wa Dodoma

Forester, injini ya EJ20. Ina mkanda wa taimingi (unaozungusha valvu kwa mpangilio na pistoni), si cheni. Muuzaji: "Mkanda nilibadili juzi." Ushahidi: hakuna. Ulikatika karibu na Gairo, valvu zikapinda. Kama hana risiti wala kibandiko chenye kilomita, hesabu kuwa haujabadilishwa, badili wewe wiki ya kwanza, na bei yake uikate kwenye bei ya gari. Nimemaliza.

Kijana wa Boda

Na gia boksi za CVT, mbona kila mtu anazikimbia?

Mzee wa Spana

Zinauawa. CVT ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oili yake imeundwa kwa kubana huko. Mtu anaenda dukani anasema "nipe ATF", anapewa oili nyekundu ya otomatiki za kawaida, anamwaga. Miezi michache gari inatetemeka ikianza kuondoka, kisha injini inanguruma gari haiendi. Kijitabu cha gari kinataja oili yake: Nissan nyingi NS-2 au NS-3, Toyota TC au FE. Ukikagua, ikiwa imepata moto, kanyaga breki, ingiza D, kisha R. Ikisita kabla ya kushika, au ikipiga kishindo, hiyo iache.

Halafu nililosahau juu, na ni la bure. Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo hatua ya mwisho kabla ya stata. Taa za onyo za dashibodi lazima ziwake, ya injini ikiwemo. Ukiwasha, zizime. Wengi wanatazama kama taa ya injini imezima, hawatazami kama iliwaka. Nimeshatoa dashibodi nikakuta taa ya injini imefungwa waya kwenye taa ya oili, ziwake pamoja zizime pamoja. Kazi safi kabisa ya mikono, Mungu anisamehe, nilimsifu aliyeifanya.

Mama Counter Book

Mbona wote mnalia? Mimi nina Corolla 110 tangu 2009, niliinunua kwa mwalimu mstaafu Moshi. Hakuniambia sifa hata moja. Alinipa daftari: kila oili, kila plagi, tarehe na kilomita, kwa peni ya bluu, alipogonga nguzo ya geti aliandika kwa nyekundu. Nimeendeleza daftari lilelile, oili kila kilomita 5,000. Shokapu nimebadili mara mbili, rejeta mara moja. Watoto wananiambia niuze. Nitaiuza na daftari lake.

Mgeni wa Kimara

Mama, huyo mwalimu hana mdogo wake anayeuza gari? 😂

Wakuu, asanteni. Nimepata Allion Tabata, nimempigia mwenye nayo, nikamwomba nije kesho saa kumi na mbili alfajiri kabla hajaiwasha. Amekaa kimya kidogo, akasema, "Njoo saa nne bwana, saa hizo gari inakuwa bado imelala."

Mzee wa Spana

Nenda saa kumi na moja.