Mkikosea nyinyi ni bahati mbaya, akikosea mwenzenu ni tabia yake?

Ndugu zangu, naomba nilitoe dukuduku hili kabla halijanikaba koo. Nimechoshwa na watu waliojipa uhakimu juu ya wenzao: wakichelewa wao ni foleni, akichelewa mwingine ni mzembe, wakisahau kulipa deni wametingwa na mambo, akisahau mwingine ni tapeli wa kuzaliwa.

Hivi karibuni mwenzetu mmoja aliingia kikaoni muda ukiwa umepita, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kabla hata hajavuta kiti, bwana mmoja akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono uliosikika chumba kizima, "Huyu ndivyo alivyo." Hakuna aliyeuliza kilichomsibu. Kikao kilichofuata aliyechelewa alikuwa bwana yuleyule, akatumwagia maelezo marefu ya gari na barabara, nasi kwa unafiki wetu tukampa pole.

Msidhani nasema kwa hasira tu. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, walichapisha utafiti ambamo watu walipewa insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo. Hata pale walipoambiwa waziwazi kwamba mwandishi alipangiwa upande na hakuuchagua mwenyewe, bado walimwona aliyeandika utetezi kuwa anamuunga mkono Castro kuliko aliyeandika upinzani. Yaani mtu anaelezwa kwamba mwenzake ameamriwa, naye anaichukulia amri hiyo kuwa ndiyo moyo wa mwenzake!

Wanaoniudhi kupita wote ni wale wenye kiburi cha kujiita wakweli, ambao kila wakimvunjia mtu heshima hudai kwamba hawapendi unafiki, ilhali ukweli huo haujawahi hata siku moja kuwaelekea wao. Ukiwagusa kidogo tu, wananuna na kusema una wivu. Hata ile methali ya nyani haoni kundule wanaitumia kumsema jirani, tena kwa kujiamini kweli kweli.

Na ukiwauliza kwa nini hawakumsikiliza mhusika kabla ya kumtangaza, jibu lao ni moja, kwamba tabia yake inajulikana. Inajulikana kwa nani, na ni lini mlimketisha akajieleza?